Kupima Vipaji Kwenye Kambi ya Likizo: Mwongozo kwa Makocha wa Mitaa ya Nyamirambo

Shule zikifungwa mwezi wa saba, viwanja vya Nyamirambo hapa Kigali havipumziki. Kuanzia Tapis Rouge mpaka Mumena, kutwa nzima ni vumbi la kiangazi na kelele za watoto, na kwenye vichochoro vya Biryogo wadogo zaidi wanakimbiza karere la majani ya migomba. Huu ndio msimu ambao kocha wa mtaa, mwalimu wa michezo au mzee wa timu huita watoto 32, huwaweka kambini wiki moja, kisha huchagua 16 wa kuendelea nao. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako wewe unayeshika kalamu na kuandika majina hayo.

Nimekaa pembeni mwa kambi hizi miaka mingi. Kosa ninaloliona kila kiangazi ni lilelile: tunachagua waliokwisha kukua, tukidhani tumechagua wanaojua mpira. Mvulana wa miaka 13 ambaye sauti yake imeshakuwa nzito atawapita wenzake kwa mbio, atawasukuma, atapiga shuti kipa asilione. Tunampa jezi namba 9. Miaka mitatu baadaye wenzake wamemfikia kimo, na inaonekana hakuwahi kujifunza kucheza bila kutumia nguvu. Yule mdogo tuliyemrudisha nyumbani kwa sababu alikuwa anaangushwa ovyo, huyo kwa kawaida ameshaacha mpira.

Kwanza ujue kwa nini macho hudanganya

Mwaka 1985 watafiti wa Kanada, Roger Barnsley na wenzake, waliangalia miezi ya kuzaliwa ya wachezaji wa hoki ya barafu. Waliozaliwa Januari, Februari na Machi walikuwa wengi kupita kiasi. Waliozaliwa mwisho wa mwaka walikuwa wachache. Mwezi wa Januari hauna baraka ya pekee. Umri wa timu za watoto huko ulikatwa tarehe 1 Januari, kwa hiyo aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka alikuwa na karibu miezi 12 zaidi ya aliyezaliwa Desemba, na bado waliitwa wa rika moja. Aliyetangulia kukua alichaguliwa, akapewa kocha bora na mechi nyingi, akazidi kutangulia. Jambo hilohilo likaja kuonekana kwenye soka. Mashindano ya vijana ya FIFA nayo hukata umri tarehe 1 Januari, kwa hiyo ugonjwa huu ni wetu pia.

Juu ya hapo kuna balehe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakikaribia miaka 14, wasichana wakikaribia 12. Lakini huo ni wastani tu. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana miaka miwili au zaidi katika kukomaa kwa mwili. Na mvulana aliye katikati ya kurefuka, anayeongeza sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka, mara nyingi hupoteza mizani yake: anajikwaa, pasi zake zinapotea, magoti yanamuuma chini kidogo ya kilegesambwa. Ukimpima wiki hiyo utaandika kwamba hana kitu. Hana kasoro yoyote, ila miguu yake ni mipya kwake.

Kabla ya siku ya kwanza

1. Amua unatafuta nini, na ukiandike. "Watoto wazuri" si jibu. Unatafuta wa kucheza mashindano ya mwezi ujao, au wa kulea miaka mitatu? Ukitaka kombe la mwezi ujao, chagua wakubwa, lakini usiwadanganye wazazi kwamba unatafuta vipaji. Mwongozo huu ni wa anayelea.

2. Panga ratiba inayolingana na maisha ya mtaa. Watoto wengi wa hapa wana madrasa hata wakati wa likizo. Uliza ni saa ngapi. Ijumaa maliza saa tano asubuhi ili watoto waoge wawahi msikitini. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni Umuganda, kazi za jamii, usiweke chochote.

3. Andikisha kila mtoto: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti (mzazi asiye nacho aombe kupitia tovuti ya Irembo), namba ya simu ya mzazi, na kama mituweli yake (bima ya afya) imelipwa mwaka huu. Uliza kuhusu pumu kwa sauti ya chini, mzazi akiwa pembeni. Vumbi la Agosti halina huruma kwa mtoto mwenye kifua, na wengi huficha wakiogopa kuachwa.

4. Pima kimo. Mtoto avue viatu, asimame visigino vikiwa vimegusa ukuta, uweke kitabu bapa kichwani, uchore alama. Kisha pima tena akiwa ameketi kwenye benchi, mgongo ukiwa umenyooka. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Miguu ikirefuka haraka kuliko kiwiliwili, ujue mtoto ameingia katika kurefuka kwa kasi; mpunguzie mzigo na uahirishe hukumu.

5. Maliza suala la viatu. Mtoto wa raba au wa miguu mitupu asichezeshwe pamoja na wa njumu; ataumia, na atacheza kwa woga ambao wewe utauita udhaifu. Ama wote njumu, ama wote raba.

6. Weka uji. Sufuria moja ya uji wa sosoma kabla ya mazoezi hugharimu kidogo, na bila huo uji utakuwa unapima nani alikula asubuhi. Muulize kila mtoto anapofika. Asiyekula hatasema mbele ya wenzake, kwa hiyo wape wote.

Siku tano zipangwe hivi

Usipange mechi ya 11 kwa 11 siku ya kwanza. Kwenye uwanja mkubwa mtoto anaweza kumaliza nusu saa akiwa ameugusa mpira mara chache mno, na mwenye mbio tu ndiye ataonekana. Cheza 4 kwa 4, uwanja wa kama mita 30 kwa 20, magoli madogo ya koni, bila kipa.

*Siku ya 1.* Michezo midogo tu. Usiandike alama yoyote. Watoto wana hofu, na wewe una haraka ya kuamini ulichokiona kwanza.

*Siku ya 2.* Fundisha kitu kimoja ambacho wengi hawakijui. Mimi hupenda kupokea mpira kwa mguu wa mbali, mwili ukiwa umefunguka, ili mguso wa kwanza ukupeleke mbele. Onyesha kwa vitendo, wafanye mara nyingi, basi.

*Siku ya 3.* Mchezo wa pointi. Gawa watoto 32 makundi mawili ya 16, moja asubuhi, jingine alasiri. Kila kundi lina timu nne za watu wanne na viwanja viwili. Cheza raundi 6 za dakika 8, mapumziko dakika 3. Kila raundi ikiisha, changanya timu upya kwa kura. Pointi ni za mtoto, si za timu: kushinda 3, sare 1, kushindwa 0. Mtoto ambaye timu zake zimeshinda mara tano kati ya sita, huku wenzake wakibadilishwa kila mara, ana kitu hata kama hujui ni nini. Rudi umwangalie. Lakini raundi 6 ni chache na bahati ipo; usitumie jedwali hilo kumkata mtu.

*Siku ya 4.* Michezo midogo tena, bila kukumbusha lolote. Angalia nani anatumia kile mlichofundisha siku ya 2 akiwa amebanwa na adui. Siku hii naithamini kuliko zote. Uwezo alionao leo utabadilika. Namna anavyojifunza ndiyo utakayofanya nayo kazi miaka mitatu.

*Siku ya 5.* Sasa mechi kubwa, kila mtoto acheze nafasi mbili tofauti. Baada yake, mazungumzo na kila mmoja.

Cha kuangalia: acha kuufuata mpira

Hapa ndipo kazi ilipo. Jicho la mtu yeyote hufuata mpira. Jicho la anayepima hufuata mtoto. Chagua mmoja, mwangalie dakika tatu nzima, mpira uende utakako.

Nitakueleza nilivyofunzwa jambo hili. Kulikuwa na mtoto mwenye bibu namba 23, mdogo, amevaa njumu za kuazima zilizomzidi hata akazijaza karatasi mbele. Alipoteza mipira minne mbele ya macho yangu na nikaweka mstari kwenye jina lake. Mwenzangu hakuwa akihesabu mipira iliyopotea. Alikuwa akipiga vijiti kwenye daftari kila mtoto huyo alipogeuza shingo kuangalia nyuma kabla ya kupokea. Aliniletea ukurasa: vijiti 19 kwa dakika tatu. Wa karibu yake alikuwa na 6. Nikarudi kumtazama upya. Kila mara alikuwa ameshasimama upande uliofunguka, bega moja likielekea goli, na kila pasi aliyoikosa ilikuwa imelenga mtu sahihi. Kiatu ndicho kilichoipeleka kombo. Siku ya 4 tukampatia njumu zinazomtosha. Pasi zile zile zikafika.

Tangu hapo ninapima mambo matano, na kila moja nalipa alama 1 hadi 4. Namba ya katikati haipo kwa makusudi, kwa sababu mpimaji mwoga hujificha kwenye 3 ya tano.

1. Kabla ya mpira: anageuza shingo? Anasogea ili aonekane na mwenye mpira, au anasubiri nyuma ya adui akipiga kelele "Leta! Leta!"?
2. Mguso wa kwanza: unamtoa kwenye hatari au unamtia?
3. Uamuzi: alipopiga chenga, ilikuwa lazima? Alipotoa pasi, ilimsaidia aliyepokea au ilimtupia mzigo?
4. Sekunde tatu baada ya kupoteza mpira: anaufukuzia, anarudi kufunga njia, au anashika kiuno na kumlaumu mwenzake?
5. Kujifunza: kuna tofauti gani kati ya siku ya 2 na siku ya 4?

Mbio zipime pia, mita 20 kwa saa ya mkononi, uziandike pembeni. Zisiingie kwenye jumla.

┌─────────────────────────────
KISANDUKU: Karatasi ya mpimaji
Namba ya bibu (si jina, si mtoto wa nani)
Mwezi wa kuzaliwa: Jan–Machi / Apr–Jun / Jul–Sep / Okt–Des
Kimo akisimama ___ akiketi ___
Amekula leo? Viatu vyake mwenyewe?
Alama: kabla ya mpira __ mguso __ uamuzi __ baada ya kupoteza __ kujifunza __
Jambo moja nililoliona kwa macho (tendo, si sifa): ______________
└─────────────────────────────

Mstari wa mwisho uutilie maanani. "Ana kipaji" si kitu ulichokiona. "Aliacha mpira upite katikati ya miguu kwa sababu alijua winga yuko nyuma yake," hicho umekiona, na mwenzako anaweza kubishana nacho.

Wapimaji wawe wawili au watatu, wasimame mbali mbali, wasizungumze hadi karatasi zote zijazwe. Mkisimama pamoja, kufikia dakika ya kumi wote mtakuwa mmeona alichokiona mwenye sauti kubwa. Mkipishana alama mbili au zaidi juu ya mtoto mmoja, msigawanye katikati. Mrudisheni uwanjani mumtazame tena.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

*Kudhani mtoto ni mzito wa kuelewa, kumbe ni lugha.* Hapa Nyamirambo mmoja kakua na Kiswahili nyumbani, jirani yake ana Kinyarwanda tu, wa tatu karudi juzi kutoka Bukavu au Kampala. Ukieleza zoezi kwa maneno ya haraka, wanaoanza kwa kusitasita si wajinga. Onyesha kwa mwili, kisha ndipo upulize filimbi.

*Kumuonea haya mfadhili.* Mtoto wa aliyenunua mipira atapimwa kama wengine, kwa namba ya bibu. Mwambie baba yake mapema, kwa heshima, kabla ya kambi. Baada ya orodha kutoka, hakuna maneno mazuri.

*Kuwaweka wasichana pembeni wacheze wenyewe kwa kuwa ni wachache.* Wakiwa wa miaka 10 hadi 12 wanaweza kucheza pamoja na wavulana, tena wengi wao wametangulia kurefuka. Wapime kwa mambo matano yaleyale. Kaeni na mama zao kuhusu mavazi na saa ya kurudi nyumbani. Mkishapatana juu ya hilo, mengi yamekwisha.

*Kumfanya mrefu kuwa kipa.* Mtoto asiyeupenda mpira mikononi atakaa golini mwaka mmoja na kuondoka. Tafuta anayeufuata mpira akiwa ameanguka tayari.

*Kuendelea baada ya kugongwa kichwa.* Mtoto aliyegongana vichwa, akaduwaa au akasema anaona giza, hachezi tena siku hiyo, hata kama ni fainali na yeye mwenyewe analia kutaka kurudi. Akitapika, akizidi kuumwa kichwa au akasinzia ovyo, ni kituo cha afya mara moja, si nyumbani.

Umri: usikubali hata mwezi mmoja wa uongo

Wapo watakaokuambia kupunguza umri ni kumsaidia mtoto. Wakumbushe Agosti 2014. CAF iliiondoa Rwanda kwenye mbio za kufuzu AFCON 2015, baada ya timu kuwatoa Kongo-Brazzaville uwanjani, kwa sababu mchezaji mmoja alikuwa na hati mbili zenye majina na tarehe tofauti za kuzaliwa. Kongo wakarudishwa, sisi tukabaki na jasho letu. FIFA nayo, tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kuwatambua waliopitiliza. Kijana aliyedanganyiwa umri akiwa na 12 hukamatwa akiwa na 17, mlango ukiwa ndio kwanza umefunguka.

Na hatuna haja ya uongo huo. Mwaka 2011 vijana wetu wa chini ya miaka 17 walifika fainali ya Afrika hapahapa nyumbani, wakafungwa 2–1 na Burkina Faso, na wakaenda Kombe la Dunia Mexico, mara ya kwanza kwa Rwanda.

Wewe huwezi kupima mifupa, na usijaribu kumkagua mtoto mwili wala meno. Linganisha cheti, kadi ya kliniki na darasa analosoma. Zikipishana, mwite mzazi, si mtoto.

Kutoa majibu

Usibandike orodha ukutani. Usisome majina mbele ya wote. Nimeona mtoto akirudi njia nzima mpaka karibu na msikiti wa Kadafi bila kuinua kichwa, begi likiburuzwa vumbini, kwa sababu jina lake halikusomwa na wenzake wote walisikia.

1. Kaa na kila mtoto dakika tano, mzazi au mlezi akiwepo, mahali ambapo watu wengine wanawaona ila hawawasikii.
2. Anza na jambo moja uliloliona kwa macho, lile la kwenye karatasi.
3. Toa jibu wazi: umechaguliwa, au hujachaguliwa safari hii. "Tutakupigia" usiseme kama hutapiga.
4. Mpe kazi moja ya kufanya nyumbani, inayowezekana kwenye kichochoro chenye ukuta na mpira mmoja.
5. Kwa aliyezaliwa mwisho wa mwaka au ambaye bado hajarefuka, mweleze mzazi kwa lugha nyepesi kwamba mwili wake una saa yake. Weka jina lake kwenye daftari la kurudiwa.

Katika nafasi 16, mimi huacha 4 kwa ajili ya daftari hilo: wadogo wa mwili wenye alama nzuri kwenye jambo la kwanza na la tano. Ni uamuzi utakaokufanya ufungwe mechi kadhaa. Ufanye hivyo hivyo.

┌─────────────────────────────
TAHADHARI: Wageni wenye ahadi
Kambi nzuri huvuta watu. Mtu akija na jina la klabu ya Ulaya na kuomba pesa za viza au pasipoti ya mtoto, kumbuka: kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa shughuli zisizo za mpira. Hakuna klabu halali inayomtoza mzazi ili kumjaribu mtoto.
• Usitoe daftari lako wala namba za wazazi.
• Usiruhusu apige picha za watoto bila idhini ya wazazi.
• Mtoto asiondoke naye hata kwenda kunywa soda.
• Mjulishe kiongozi wa mtaa na polisi.
└─────────────────────────────

Tunza karatasi zako. Mchezaji anaposajiliwa kuwa wa kulipwa na klabu ya nchi nyingine, kanuni hizo hizo za FIFA huzipa haki ya fidia ya mafunzo klabu zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12, mradi ziwe zimesajiliwa na mchezaji aliandikishwa kwao rasmi. Timu nyingi za mtaa hukosa haki hiyo kwa sababu hakuna aliyeandika kitu. Kama timu yako bado haijasajiliwa, anza hapo.

Orodha ya kukagua kabla hujaandika majina 16

☐ Kila mtoto ametazamwa na wapimaji wasiopungua wawili, siku zisizopungua tatu
☐ Nimehesabu miezi ya kuzaliwa ya niliowachagua. Kama 10 kati ya 16 ni wa Januari hadi Juni, nimerudia karatasi za waliobaki
☐ Nimeangalia tena waliokuwa na njaa, viatu vya kuazima au maumivu ya goti
☐ Hakuna aliyekatwa kwa mbio au kimo peke yake
☐ Vyeti vimelinganishwa
☐ Kila mzazi amezungumza na mimi ana kwa ana

Uwanja mkubwa wa mtaa wetu umeitwa Pelé tangu Machi 2023, na watoto wa kambi yako huuona kila siku wakipita. Wale 16 ambao hukuwachagua wanapita njia hiyohiyo. Shule zikifungwa tena Desemba, fungua daftari, wapigie wazazi wao simu, uwaite wote uwapime upya.